Namna Nilivyofundishwa Kulipita Kundi

Vijana wa Mpanda mnaojiandaa na usaili wa polisi, nawaona. Nyumba yangu iko kando ya njia mnayopita asubuhi, na mzee aliyestaafu hana kazi kubwa kuliko kukaa kibarazani na kuangalia nani anachechemea. Jana mmoja wenu alipita kavaa raba mpya nyeupe, anakimbia kama mtu anayekanyaga mayai. Nikasema moyoni, huyu siku ya usaili atakuwa na malengelenge ya kuwagawia na jirani. Ndipo nikaona bora niandike, maana nikiwapigia kelele kutoka kibarazani mtasema mzee ana wivu.

Mimi naitwa Maduhu Jilala. Nimestaafu polisi na cheo cha sajenti, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa mwalimu wa mazoezi, yule mtu anayewatoa wenzake kitandani kabla ya jogoo halafu anataka wamwimbie. Nimewakimbiza askari wengi. Wengine leo ni wakubwa, na wakinikuta sokoni bado wananisalimia huku wanashika magoti yao kwa kumbukumbu. Lakini kabla sijamfundisha mtu yeyote, mimi mwenyewe nilianguka usaili, tena kwa kosa ambalo katika miaka yangu yote sijaona mwingine akilifanya. Nililifanya kwa sababu ya ng'ombe.

Sisi ni Wasukuma tuliohama na mifugo. Baba aliwaswaga ng'ombe wake kutoka kaskazini mpaka kijiji cha Sibwesa nikiwa mdogo, na fimbo niliishika miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Shule nilianza nikiwa mrefu kuliko wenzangu wote, mwalimu akanikalisha nyuma ili watoto waone ubao. Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne hapa mjini, nikiishi kwa shangazi yangu, watu wa rika langu kule kijijini walikuwa na watoto wawili watatu. Nami nilibakiza nafasi mbili tu za kujaribu kabla ya kuvuka umri ambao polisi walikuwa wanachukua.

Mtaniuliza kwa nini polisi. Siku moja ng'ombe wetu waliingia shamba la mahindi la jirani, mkulima mmoja wa kabila la Wabende, mwenye hasira za karibu. Zamu ya kuchunga ilikuwa ya kwangu. Nilichelewa kuwakinga, na walipotoka pale shamba lilikuwa limebaki mabua. Jioni watu walishakusanyika pande mbili, huku fimbo, huku mapanga. Akafika konstebo mmoja peke yake kwa baiskeli, kaloa jasho. Akaomba maji ya kunywa, akapewa. Akaomba kigoda, akaketi. Kisha akasema, "Jamani mimi nimechoka sana. Nyie ongeeni taratibu ili niwasikie." Wakaongea taratibu. Baba akatoa ndama, yule jirani akapokea, hakuna aliyekatwa. Mimi niliyesababisha yote nilikuwa nimejificha nyuma ya zizi, nikasema nikikua nataka kazi ya mtu huyu, kazi ya kuomba maji na kuketi katikati ya watu waliokasirika.

Usaili wangu wa kwanza ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Wakati ule Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, kwa hiyo wasaili walitoka Sumbawanga, wamejaa vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa vijana kama sitini, nafasi kumi na tano. Walitupima urefu, kifua, macho na meno, kama tunavyompima ng'ombe mnadani, nami hayo yote nilipita. Zikabaki mbio. Tulitakiwa kutoka uwanjani, kufuata barabara mpaka kiwanja cha ndege, kuzunguka pipa lililowekwa pale na kurudi.

Wenzangu walitoka kama wanaofukuzwa na nyuki. Mimi nikatulia nyuma yao, mkono wa kulia ukitafuta fimbo ambayo haikuwepo. Sijawahi kujisikia vizuri kama siku ile. Nilikuwa nawaona wote mbele yangu, hakuna aliyepotea. Kijana mmoja alichepuka kwenda kivulini, nikamfuata nikamrudisha barabarani. Mwingine alipunguza mwendo, nami nikapunguza, nikampigia mluzi mpaka akasogea. Tulizunguka pipa salama, tukarudi salama, na mimi nikaingia uwanjani wa mwisho kabisa. Sikuwa nahema. Nilikuwa bado napiga mluzi.

Inspekta aliyeshika saa alinitazama, akaitazama saa, akanitazama tena.

"Wewe, unadhani hapa ni harusini?"

"Hapana, afande."

"Pumzi unayo. Sasa mbona umekuja na waliozimia?"

Nilijua nimeshindwa, ila sikujua nimeshindwaje, na hilo ndilo linaumiza zaidi. Mtu aliyeishiwa pumzi anajua dawa yake. Mimi niliyekuwa na pumzi tele ningekwenda kutibiwa nini?

Nilikuwa nafunga katambuga zangu kando ya uwanja, zile ndala za tairi, nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini hivi, mwembamba, ameegemea baiskeli yenye gunia la maharage.

"Kijana," alisema, "wale ng'ombe ni wa nani?"

"Ng'ombe gani, baba?"

"Wale uliokuwa unawachunga barabarani. Nimeona mimi kwa macho yangu. Kijana mmoja akaingia majanini, ukamtoa. Mwingine akachoka, ukamngoja. Umewafikisha wote nyumbani. Kazi nzuri. Lakini polisi hawakutangaza nafasi ya mchungaji."

Nilikasirika kwanza, kisha nikaelewa, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa kweli tupu. Tangu nizaliwe sikuwahi kukimbia nikiwa mbele ya kitu chochote. Mchungaji hukimbia nyuma, macho yake kwa ng'ombe wa mwisho, na akimwacha mmoja atajieleza kwa baba yake jioni. Miguu yangu ilikuwa imefundishwa hivyo, na mimi sikuwa na habari.

Mtu yule jina lake la ubatizo nilikuja kulijua baadaye, lakini kila mtu alimwita Baba Oda, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mkimbizi wa Katumba, makazi ya wakimbizi nje ya mji. Alitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa mwanafunzi wa sekondari, na huko alikuwa anaikimbilia shule yake mbio ndefu. Hapa kwetu alilima tumbaku na maharage, na kuja mjini alihitaji kibali. Miaka mingi baadaye alipata uraia wa Tanzania, akiwa na mvi kichwa kizima. Ameshafariki, kaburi lake liko Katumba, na kila nikipita huko nasimama pale. Kila kizuri nilichowafundisha askari wangu, mimi nilikipokea kwake.

"Njoo Jumamosi," aliniambia siku ile. "Njoo kwa miguu, fuata reli. Nina vitalu vya tumbaku vinahitaji maji, na wewe unahitaji mikono."

Nilirudi kwanza Sibwesa kumweleza baba. Alinisikiliza akiwa anachonga mpini, hakuinua macho. "Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "nakupa kiangazi hiki kimoja. Mvua ya kwanza ikinyesha hujapata hayo magwanda, unarudi kwenye ng'ombe. Na mke nimeshakuangalizia." Baba yangu hakuwa mkatili. Alikuwa na ng'ombe wengi na mtoto mmoja wa kiume mwenye miguu mirefu. Nilimwitikia, nikajua kwamba sina tena mwaka mwingine, si kwa polisi wala kwa baba.

Sasa nisikilizeni nyie wenye simu zinazohesabu hatua. Sina ugomvi na simu, ingekuwepo ingetusaidia. Baba Oda hakuwa hata na saa. Alikuwa na nguzo za simu zilizosimama kando ya reli, na kwa nguzo zile alinijenga. Mbio nguzo nne, tembea nguzo moja. Wiki inayofuata, nguzo sita kwa moja. Halafu nane. Sheria ilikuwa moja, ukitembea tembea kweli, vuta pumzi kwa pua, usisimame na usijitupe chini. Leo wataalamu wanafundisha jambo hilo hilo kwa majina marefu na filimbi. Kama huna nguzo, tumia miti. Kama huna miti, basi huishi Katavi.

Baada ya nguzo tulikwenda kwenye vitalu. Nilibeba maji kutoka mtoni, ndoo mbili, moja kila mkono, tena alikataza kubeba kichwani. "Kichwani watabeba akina mama, wana shingo," alisema. "Wewe mabega yako hayajui kazi." Nilimwagilia miche ya tumbaku mpaka vidole vikagoma kufunguka. Mama Oda alikuwa ananikuta nimeshika kijiko cha uji kwa ngumi kama mtoto, anacheka, ananiongezea uji. Mwezi wa pili nikagundua pushapu hazinisumbui tena.

Na kuhusu pushapu niwaambie siri. Msaili ndiye anayehesabu, na kifua kisipofika chini hahesabu mbele, anarudia namba. Niliona kijana mmoja akipigiwa "saba" mara sita mfululizo, alipofika nane alikuwa analia. Baba Oda alilijua hilo. Aliweka jani kavu la tumbaku chini ya kifua changu, yeye akakaa pembeni anachambua madaraja ya tumbaku yake bila kunitazama. Jani likilia, alihesabu. Lisipolia, alinyamaza. Siku ya kwanza nilipiga thelathini, akaniambia kwa upole kwamba amesikia nne. Siku hiyo hiyo nilitoka jasho, jani likanigandia kifuani, nikapata kizunguzungu cha tumbaku bila kuvuta hata sigara moja. Nilitapika kando ya kitalu, Baba Oda akasema hiyo pia ni mbolea.

Shangazi aliponinunulia raba, nilizipeleka Katumba kwa fahari. Akazigeuza geuza, akanirudishia. "Usikimbie nazo," alisema. "Vaa ukienda sokoni. Vaa kanisani. Vaa ukichota maji. Zikichoka kama wewe, ndipo mtaelewana." Nilizivaa wiki tano kabla ya kukimbia nazo hatua moja. Kijana wa raba nyeupe, haya ni yako.

Lakini tatizo langu lenyewe lilikuwa bado halijaguswa. Tulipokimbia pamoja, Baba Oda alikuwa mbele na mimi nyuma. Akiongeza mwendo, naongeza. Akipunguza, napunguza. Nilikuwa kijana, yeye ana umri wa kuitwa baba, ningeweza kumpita wakati wowote, na kila akiniambia "nipite" nilisogea mpaka kwenye bega lake na kukwama hapo. Siku moja alisimama kukojoa, nami nikasimama. Hapo alikasirika, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Unangoja nini?"

"Nakungoja wewe, baba."

"Siku ya usaili utamngoja kila mtu akojoe?"

Nikainamisha kichwa. Alikaa kwenye chuma cha reli, akawaza. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo namshukuru Mungu kwamba lilimjia.

"Maduhu, ng'ombe wakielekea shamba la mtu, mchungaji anabaki nyuma?"

"Hapana. Nawapita, nakwenda kuwakinga mbele."

"Unapita karibu nao?"

"Ukipita karibu wanashtuka, wanakimbia na wewe. Unapita mbali, pembeni, kwa nguvu. Mpaka umewaacha ndipo unaingia njiani."

Alinitazama kama mtu aliyekuwa anatafuta ufunguo huku kaushika.

"Kumbe unajua yote. Mimi nilikuwa nakufundisha nini?" Akasimama, akajipangusa suruali. "Haya. Mimi ni ng'ombe. Nguzo ile ya sita ni mahindi ya yule Mbende wenu. Twende."

Nilikuwa nimemsimulia habari ya shamba lile, na aibu yake bado nilikuwa nayo. Alipotoka mbio nilimfuata, na nilipoiona ile nguzo nikaona mabua. Sijui niwaelezeje. Miguu ilikwenda yenyewe pembeni, kwenye nyasi, mbali naye, nikampita bila kumtazama, nikafika kwenye nguzo na kugeuka mikono imetanuka kama mtu anayekinga kundi. Baba Oda alifika nyuma yangu akihema na kucheka. "Komera," aliniambia. Kwao ni neno la kumpa mtu nguvu. Kuanzia siku hiyo tulifanya hivyo kila Jumamosi, na siku nyingine nilifanya peke yangu kwa mbuzi wa shangazi, majirani wakaanza kumpa pole.

Nyie mnaofundisha wenzenu, lishikeni hilo. Nimekuwa na askari wavuvi wa Karema, wakulima wa mpunga wa Kasansa, watoto wa mjini ambao hawajabeba kitu kizito kuliko redio. Kila mmoja mwili wake unajua jambo. Mkulima wa mpunga anajua kuinama kutwa nzima na kuinuka. Mvuvi anajua kuvuta na kuachia. Nilijifunza kumuuliza mtu kwanza amekulia kazi gani, ndipo nianze kumpigia filimbi. Wakufunzi wenzangu walidhani napiga soga.

Usaili wa pili ulifika mwisho wa kiangazi, mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Kila nilipoyatazama nilimkumbuka baba. Safari hii tulizidi sitini, nafasi zile zile kumi na tano, njia ile ile, na inspekta yule yule ameshika saa. Asubuhi nilikunywa uji mwepesi na maji kidogo kidogo, nikaacha maziwa mgando ambayo shangazi alinisihi ninywe. Kwenye usaili wa kwanza nilikunywa kibuyu kizima, na ni rehema ya Mungu tu kwamba sikukimbia kwa kasi.

Baba Oda hakuwepo, kibali hakikupatikana. Ila alikuwa ameniachia maneno: "Wakati wa kwenda, kaa nyuma, huko ndiko nyumbani kwako, tulia. Ukizunguka pipa, jua kwamba kundi lote linaelekea kwenye mahindi."

Nilikaa nyuma mpaka kiwanja cha ndege. Nikazunguka pipa. Nikatazama mbele, nikaona migongo mingi inayoelekea mjini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hesabu ya vichwa ilinitia hofu. Nikashuka pembeni kwenye nyasi, nikaanza kupita. Wa kwanza nilimpita mbali, hakunishtukia. Wa pili vilevile. Wa tatu nilisahau, nikapita karibu na bega lake, akashtuka kama nilivyosema, tukakimbizana bega kwa bega mpaka mapafu yakawaka. Nikajilaani, nikarudi pembeni. Baada ya hapo sikukosea tena.

Tulipokaribia mjini kijana mmoja mbele yangu aliketi ghafla kando ya barabara, kashika paja, misuli imemkaza. "Ndugu yangu," aliniita, "ndugu yangu, nivute." Miguu yangu ikapunguza yenyewe. Vijana, hapo ndipo usaili wangu ulipokuwa. Mbio zilikuwa kitu kidogo. Kila nilichofundishwa na baba yangu kiliniambia simama, huyu ni wa kwako. Nyuma nikasikia gari la polisi likija polepole, lile la kuokota waliochoka, na daktari yumo ndani. Nikamwambia, "Wanakuja kukuchukua," nikaenda. Niliumia kumwacha. Baadaye nilimtafuta, tukanywa naye soda, mguu ulikuwa mzima na alishaamua kwenda kusomea ualimu.

Nilivuka mstari nikiwa wa kumi na mbili. Mikono ilikuwa imetanuka, sikujua naitanua. Kwenye pushapu sikurudiwa namba hata moja, nilikuwa nasikia jani likilia kichwani. Tulipopanga mstari inspekta alipita akinitazama, akarudi hatua mbili.

"Wewe si yule wa mluzi?"

"Ndiyo, afande."

"Leo hukupiga."

"Leo sikupata nafasi, afande."

Akageuka upande, mabega yakimtikisika. Kesho yake majina yalibandikwa ukutani pale polisi, na langu lilikuwepo, limeandikwa vibaya lakini langu. Nililia mbele za watu, na sioni aibu kusema. Ujumbe ulipelekwa Sibwesa kwa baba. Jibu lake lilikuja na kibuyu cha samli na maneno mafupi, kwamba yule mke bado anasubiri, askari nao wanaoa. Nilimwoa. Ndiye anayenisomea barua hii kwa sauti sasa hivi na kuniambia nimeongeza chumvi kwenye habari ya kutapika.

Siku moja kabla ya kupanda garimoshi kuelekea depo, chuo cha polisi kule Moshi, nilikwenda Katumba. Nilimkuta Baba Oda ameinama kwenye vitalu. Nikamwambia. Hakuruka, hakupiga kelele. Alimalizia kumwagilia tuta alilokuwa nalo, akaweka ndoo chini, akauliza nimewapita wangapi. Nikamwambia. Akataka nimweleze mmoja mmoja, nilimpita upande gani, nyasi zilikuwa ndefu au fupi. Mama Oda alitupikia maharage na ugali, tukala, nikataniwa sana, na jua lilipoanza kushuka nikaaga kwa sababu jioni ile tulitakiwa kuripoti.

Baba Oda alinisindikiza kando ya reli. Tulitembea, kwa mara ya kwanza, bila kukimbia. Tulipofika kwenye kibao kinachoonyesha mwisho wa makazi, akasimama.

"Mimi naishia hapa," alisema. "Mbele ya hapa nahitaji karatasi, na sina."

Nilitazama kibao kile. Kila Jumamosi ya kiangazi kile tulikimbia pamoja mpaka hapo, naye akageuka na kuniambia nimalizie nguzo zilizobaki peke yangu. Nilidhani ni mbinu ya mazoezi. Wiki zote zile, mtu aliyekuwa ananifundisha kupita mbele hakuwa na ruhusa ya kuvuka kibao cha bati.

"Sasa kimbia," akasema. "Nakuhesabia. Na usigeuke nyuma. Leo huna mtu wa kuchunga."

Nikakimbia. Nilimsikia nyuma yangu akihesabu nguzo kwa sauti. Moja. Mbili. Sauti ikawa ndogo. Tatu. Nne. Kwenye nguzo ya tano, sehemu ya kutembea, nilivuta pumzi, na pumzi ilipoingia nikakumbuka kwamba tangu Jumamosi ya kwanza mpaka siku ile, kwa maji yote na uji wote na nguzo zote, sikuwahi kumwambia mtu yule asante.

Nikageuka. Alikuwa bado amesimama pale pale, vidole vya miguu kwenye mstari wa kibao. Nikarudi mbio nguzo zote tano, na zilikuwa mbio zangu bora kuliko za usaili. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikapiga goti kama tunavyofanya kwa wakubwa wetu.

"Nimekwambia usigeuke," alisema.

"Sikuwa nimesema asante, Baba Oda."

Alifuta uso kwa kiwiko. Mkono wake ulikuwa na tope la kitalu na harufu ya tumbaku, na hakuutoa haraka.

"Haya," akasema. "Umeniharibia hesabu. Anza upya, nguzo ya kwanza."

Nikaanza upya.